Meli Haingoji: Safari ya Kwanza ya Matembezi Baharini

Tarehe 27 Machi, 2024, wasafiri wanane walisimama katika bandari ya kisiwa cha São Tomé, katika Ghuba ya Guinea, wakiitazama meli yao, Norwegian Dawn, ikiwa bado imetia nanga mbele ya macho yao. Sita walikuwa Wamarekani na wawili Waaustralia. Walikuwa wameshuka kwenda kutembea kisiwani kama abiria wenzao, ila wao hawakufuata matembezi yaliyotayarishwa na wenye meli. Walipatana na watu wa kisiwani wawatembeze. Wakachelewa kurudi kwa muda uliozidi saa moja. Walinzi wa pwani waliwahurumia, wakawapakia katika mashua yao na kuwapeleka mpaka karibu na meli, lakini nahodha hakukubali kuwapokea. Nanga ikang'olewa, meli ikashika njia yake, nao wakarudishwa pwani na nguo walizovaa. Baadhi yao walikuwa wameacha dawa zao vyumbani melini. Pasipoti zao walizikuta zimeachwa kwa wakala wa meli bandarini.

Walisafiri kwa ndege mpaka Gambia wakitumaini kuikuta meli mjini Banjul. Siku ile maji yalikuwa yamepwa na hali ya hewa haikuwa njema, hata meli haikuweza kuingia bandarini. Ikawabidi washike njia ya nchi kavu mpaka Dakar, katika Senegal, na huko, tarehe 2 Aprili, wakapanda tena. Mmoja wao aliwaambia waandishi wa habari kwamba walikuwa wamepita nchi saba.

Habari hii ilipoenea, wako waliomlaumu nahodha kuwa mtu asiye na huruma, na wako waliowacheka wale wanane. Yeye anayefikiri kusafiri kwa mara ya kwanza katika meli ya matembezi hana haja ya kulaumu wala kucheka, bali yampasa kuifahamu biashara yenyewe. Katika safari za namna hii mtu hanunui ufuo wa bahari. Ananunua saa chache za kukaa ufuoni, na saa hizo ni mali ya meli.

Jambo hili ni geni kwa wengi wetu, maana kwa muda mrefu meli haikuwa mahali pa starehe. Neno "meli" lenyewe, kama wasemavyo wenye kuchunguza lugha, lilitoka katika neno la Kiingereza la barua za posta. Ndiyo mitambo iliyoleta barua. Kampuni ya British India ilianza kuleta posta kwa meli kutoka Aden mpaka Unguja mwaka 1872. Katika miaka ya 1950 kampuni hiyo hiyo ilikuwa na meli mbili nzuri katika njia ya London na Afrika ya Mashariki, moja ikiitwa Kenya na ya pili Uganda, na waliosafiri ndani yake walikuwa na shughuli zao: maofisa waliorudi kutoka likizo, wafanya biashara, masista wa misheni, wanafunzi. Ndege zilipowachukua abiria hao, kazi ya meli ikabadilika. Kenya iliuzwa ikavunjwa mwaka 1969. Uganda ilitengenezwa upya ikawa meli ya kuwatembeza wanafunzi baharini, na mwaka 1982, wakati wa vita vya Falkland, ilifanywa hospitali. Hivyo meli iliyoitwa kwa jina la nchi isiyo na pwani ilipata kufanya kazi tatu, na ya kati yake ndiyo tunayoinena hapa: kusafiri kwa ajili ya kusafiri.

Kwa mtu wa Kenya, safari ya namna hii iliyo karibu na kumfaa ni ile ya kutoka Durban, katika Afrika ya Kusini, kwenda fuo za Msumbiji. Kwa miaka mingi, majira ya joto ya kusini yakifika, yaani tangu karibu Novemba mpaka Machi au Aprili, meli za kampuni ya MSC zimekuwa zikitoka Durban na kupeleka watu katika kisiwa kidogo kiitwacho Ilha dos Portugueses, jirani na kisiwa cha Inhaca katika mlango wa Ghuba ya Maputo, na mbele zaidi mpaka Pomene, kaskazini ya mji wa Inhambane. Ni safari ya siku tatu au nne tu, na hiyo ndiyo sababu inawafaa wanaojaribu. Mtu akiona bahari haikubaliani na tumbo lake, hatateseka siku nyingi.

Basi tumchukue kwa mfano mkulima wa chai wa Kericho na mkewe, watu waliokwisha kusomesha watoto, ambao kwa miaka kadhaa wameweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya jambo hili moja. Tangazo walilosoma limeandika nauli kwa tarakimu kubwa. La kwanza la kujua ni kwamba tarakimu hiyo ni ya mtu mmoja anayelala chumba kimoja na mwenzake, si ya wote wawili. Asafiriye peke yake aweza kutozwa karibu nauli ya watu wawili, kwa sababu kitanda cha pili kitakwenda kitupu. La pili, chini ya tangazo, kwa herufi ndogo, zimetajwa ada za bandari na ada ya utumishi, ambayo huhesabiwa kwa kila mtu na kwa kila siku. Watu wanaojua kuandika hesabu za chama cha ushirika hawatashindwa na hesabu hii, lakini yafaa waifanye nyumbani kabla ya kulipa.

Kisha kuna kuchagua chumba. Kipo cha ndani kisicho na dirisha, kipo chenye dirisha la kioo, na kipo chenye roshani mtu aweza kukaa nje akitazama maji. Tofauti ya bei si ndogo. Mume, akiisha kuona picha, atataka roshani.

"Baba watoto," mkewe atamwambia, "tulipie dirisha, na usiku ni giza? Mchana tutakuwa juu na watu wengine."

Mama huyu ana haki. Chumba cha ndani ni cheusi kama ghala wakati taa zikizimwa, na asubuhi mtu hajui kama kumekucha. Ila ni cha kulala tu, na deki za juu ni za wote, aliyelipa kingi na aliyelipa kidogo. Jambo la kuangalia zaidi ni mahali chumba kilipo. Meli hupanda na kushuka mno katika omo na tezi, na huyumba zaidi juu kuliko chini. Kwa hiyo chumba cha katikati, katika deki ya chini, ndicho kinachotulia. Pwani ile ina mkondo wa maji ya moto uitwao Agulhas, unaoteremka kusini kwa nguvu, na upepo wa kusini magharibi ukivuma kinyume chake huinua mawimbi makubwa. Hapa mwenye roshani ya juu kabisa hujuta pamoja na fedha zake. Anayechafukwa na moyo na atoke nje, akae penye hewa, akaze macho mahali bahari inapokutana na mbingu, na asikae na tumbo tupu.

Karatasi za serikali nazo zitazamwe mapema. Tangu Januari 1, 2023, mwenye pasipoti ya Kenya aweza kuingia Afrika ya Kusini bila visa kwa muda usiozidi siku 90 katika mwaka, lakini huombwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kuwa anatoka nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo hiyo yataka siku kumi kabla ya kuhesabiwa kuwa na nguvu, kwa hiyo si jambo la kukumbuka mtu akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Wengi husahau neno jingine: meli ikitoka Durban kwenda Msumbiji, abiria ametoka Afrika ya Kusini, na ikirudi anaingia upya. Ni mipaka miwili wala si mmoja, na masharti ya Msumbiji huulizwa kwa wakala au kwa ubalozi kabla ya kulipa nauli.

Tena, wafike Durban siku moja kabla. Wenye hesabu kali watasema hiyo ni gharama ya bure ya kulala hotelini. Sivyo. Ndege ya kutoka Nairobi ikichelewa Johannesburg, meli haitangoja watu wawili wa Kericho, na nauli iliyolipwa kwa meli iliyokwisha kuondoka ni vigumu kurudishwa. Bima ya safari ni kwa ajili ya mambo kama haya, na pia kwa ajili ya daktari. Katika meli daktari yupo na dawa zipo, lakini hutozwa fedha, na mgonjwa mahututi akihitaji kupelekwa hospitali ya nchi kavu gharama zake zaweza kula shamba.

Durban ina jengo la abiria lililofunguliwa mwaka 2022 na kupewa jina la Nelson Mandela. Hapo mizigo huchukuliwa, pasipoti hutazamwa, abiria hupigwa picha na kupewa kadi moja nyembamba. Kadi hii ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo cheti cha kutokea na kuingia, na ndiyo mkoba wa fedha, maana ndani ya meli noti na sarafu hazitumiki dukani wala penye vinywaji. Mtu huonyesha kadi, hutia sahihi, hupewa soda. Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Kadi haina uzito wa fedha mkononi. Haipungui unene inapotumika. Chakula cha kawaida kimekwisha kulipiwa katika nauli, na ni kingi, asubuhi, mchana na jioni, hata mtu mwenye kiasi hushangaa jinsi wenzake wanavyojaza sahani. Bali soda, bia, picha za ukumbusho, kusingwa mwili, mchezo wa kamari na mtandao wa simu, vyote huandikwa. Kuna dawati la hesabu linalokaa wazi, na mwenye busara hupita pale kila jioni kuuliza amefika wapi. Hakuna aibu katika kuuliza. Walio nyuma yake katika mstari watatamani wangalianza wao.

Meli zenyewe ni kama miji. Chukua MSC Sinfonia, iliyofanya kazi katika pwani hiyo kwa misimu mingi. Ilijengwa Ufaransa mwaka 2002, na mwaka 2015 wajenzi wa Palermo, katika Italia, waliikata katikati kama mkate, wakaingiza kipande kipya cha kiasi cha meta 24, wakaiunga tena. Sasa ina urefu wa meta 275 hivi, nayo ni ndogo katika jamaa zake: Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Miami Januari 2024, ina urefu wa meta 365 na deki 20. Mtu aliyezoea kivuko cha Likoni atapotea njia siku ya kwanza katika hata ile ndogo. Wanaofagia, wanaopika na wanaotandika vitanda huwa wametoka nchi nyingi, Ufilipino, Indonesia na India kwa wingi, na hukaa melini miezi sita hata tisa bila kuona watoto wao. Wamo na vijana wa Kenya. Mkulima yule akisikia mtumishi wa meza anamwamkia "Shikamoo, mzee," na asishangae sana.

Kabla ya kuondoka, honi hulia mara saba kwa sauti fupi na mara moja kwa sauti ndefu. Hiyo ndiyo amri ya kwenda kujifunza mahali pa kukutania ikitokea hatari, na namna ya kuvaa boya la kuokolea. Wako wanaokwenda wakinung'unika. Tarehe 13 Januari, 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, katika Italia, na watu 32 walikufa. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda jioni ile ile katika bandari ya Civitavecchia, na zoezi lao lilikuwa halijafanywa. Baada ya msiba huo sheria za bahari zilibadilishwa, na sasa zoezi hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Pwani ya Afrika ya Kusini nayo ina kumbukumbu yake. Agosti 1991 meli ya matembezi Oceanos, iliyokuwa ikienda Durban, ilijaa maji ikazama. Nahodha aliondoka huku abiria wengi wakiwa bado ndani, na wanamuziki na watumbuizaji wa meli ndio waliosaidia kuwapanga watu mpaka helikopta zikawachukua. Watu wote 571 waliokolewa. Kwa hiyo nusu saa ya kusimama na boya shingoni si kitu cha kunung'unikia.

Kisha tagi huivuta meli, kilima cha Bluff hupita mkono wa kulia, na rubani wa bandari akiisha kuitoa mlangoni huiacha. Tangu miaka ya 1990 Durban imejulikana kwa kuwachukua marubani wake kwa helikopta. Mwenye bahati ya kuwa juu wakati huo huona mtu akining'inizwa kwa kamba kutoka deki mpaka angani.

Sasa ufuo, ambao kwa ajili yake watu wametoka mbali.

Ilha dos Portugueses haina gati, wala Pomene haina. Meli hutia nanga mbali na abiria hupelekwa pwani kwa mashua ndogo. Neno hili dogo ndilo linaloamua kila kitu. Ikiwa mawimbi ni makubwa na mashua haziwezi kukaa sawa ubavuni mwa meli, nahodha hukataza kushuka, na siku ya ufuo inageuka kuwa siku ya kutazama ufuo. Katika masharti yaliyoandikwa nyuma ya tiketi, ambayo karibu hakuna asomaye, kampuni imejiwekea haki ya kuruka bandari au kuibadilisha, na abiria hana dai kubwa. Alilolipia ni safari. Hili liwe wazi moyoni tangu nyumbani, hasa kwa yule aliyewaahidi wajukuu mchanga katika chupa.

Bahari ikiwa shwari, watu hupewa zamu kwa namba. Anayeamka mapema na kuchukua namba ya mbele hupata saa sita za ufuo. Anayekaa katika chai hata jua limepanda hupata tatu. Nauli yao ni moja.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, hakina kijiji, kina mchanga mweupe na maji ya kijani ambayo unaona miguu yako ndani yake. Wenye meli huandaa vivuli na chakula cha mchana. Ng'ambo ya mkondo mwembamba iko Inhaca, penye wavuvi, mnara wa taa na kituo cha kuchunguza viumbe vya bahari kilichoanzishwa mwaka 1951. Pomene ni tofauti: rasi ndefu ya mchanga, upande mmoja bahari kuu na upande wa pili hori lenye mikoko, na kwenye ncha magofu ya hoteli iliyojengwa wakati wa Wareno na kuachwa. Wenyeji huleta kofia, vinyago, korosho na vitambaa viitwavyo capulana, ambavyo mama wa Kericho atavijua mara moja kuwa ni ndugu wa leso. Katika nchi hii ya Inhambane Vasco da Gama alitia nanga Januari 1498, akaipa jina la nchi ya watu wema kwa jinsi alivyopokewa. Miezi mitatu baadaye alikuwa mbele ya Mombasa, na huko hakupata la kusifu.

Jambo la kupendeza ni jinsi mambo yalivyogeuka. Kwa miaka na miaka meli za matembezi zimeingia Kilindini, na watu wa Mombasa wamewaona wageni wakishuka, wakipiga picha Fort Jesus, wakibishana bei ya kinyago, wakiondoka kabla ya jua kutua. Katika Pomene ni mkulima wa Kenya anayeshuka na kofia mpya, na ni mtu mwingine anayemngoja na vinyago. Kubishana bei ni desturi, wala hakuna atakayechukia. Lakini anayejua bei ya kilo ya majani mabichi ya chai, na anajua nani huipanga, hatamshusha mwenzake hata akose faida. Muuzaji naye anaijua saa ya mashua ya mwisho, na anajua meli isipoweza kushusha watu siku hiyo hauzi kitu. Mahali pengine wenyeji wameanza kusema wanataka meli kwa kiasi gani: tarehe 30 Aprili, 2025, wapiga kura wa Visiwa vya Cayman, katika Bahari ya Karibi, waliulizwa kama wajengewe gati za kupokea meli kubwa za matembezi, na wengi wao wakakataa.

Turudi kwa saa. Karatasi inayoletwa chumbani kila jioni huandika saa ya kurudi, na humo imo hatari maalumu kwa msemaji wa Kiswahili. Karatasi ikisema 15.30, hiyo ni saa tisa na nusu alasiri. Aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili, akisikia baharia akitaja "tatu" kwa Kiingereza, na amtake aonyeshe kwa kidole juu ya uso wa saa. Tena, mashua ya mwisho huondoka mapema kuliko meli. Saa ya kuangalia ni ya mashua. Afrika ya Kusini na Msumbiji ziko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Mkulima aliyesahau kuirudisha saa yake ya mkononi atafika penye mashua saa nzima kabla ya wakati, akae juu ya mchanga na mkewe, akiona aibu kidogo. Ni kosa lenye faida. Katika bandari nyingine ambako saa za nchi na saa za meli hazilingani, ni simu inayojigeuza yenyewe ndiyo huwapoteza watu, na kwa hiyo wasafiri wazoefu hufuata saa moja tu, ile iliyotundikwa melini.

Wale wanane wa São Tomé hawakukosa kwa kupatana na mwenyeji awatembeze. Matembezi ya mwenyeji aghalabu ni ya bei nafuu, na fedha hubaki nchini. Tofauti ni hii: matembezi yaliyouzwa na meli yakichelewa, kwa desturi meli hungoja watu wake au hujitwika jukumu la kuwafikisha, ya mtu binafsi yakichelewa, hasara ni ya msafiri. Anayetaka kwenda na mwenyeji na aende, lakini aweke saa mbili za akiba kati ya kurudi kwake na mashua ya mwisho, achukue mfukoni dawa zake za siku mbili, fedha kidogo, na namba ya simu ya wakala wa bandari, ambayo huchapwa katika karatasi ile ile ya jioni. Karatasi yenyewe ni nyepesi, haimzuii mtu kuogelea.

Usiku wa mwisho mizigo huwekwa nje ya mlango, na hesabu ya kadi husukumwa chini yake. Asubuhi meli inaingia Durban kabla watu wengi hawajaamka. Wako wanaosimama katika mstari wa dawati la hesabu, karatasi mkononi, wakitaka kujua soda hizi zote zilinywewa na nani. Mume na mke wetu, ambao walikuwa wakiuliza kila jioni, wanapita upande wa pili mpaka darajani. Juu ya gati mama anasimama ghafla na kumshika mumewe mkono, kwa sababu saruji inayumba chini ya miguu yake kama deki ya meli. Hali hiyo huwapata wengi, na huisha baada ya siku moja au mbili. Mume anatazama saa yake ya mkononi. Bado iko mbele kwa saa moja, na hana haja ya kuigusa, kwani ndege ya Nairobi ni jioni.